Kufuga furu wa Ziwa Victoria kwenye tangi la vioo nyumbani: mwongozo kamili

Furu wengi wanaofia majumbani huuawa na vitu viwili: maji ambayo hayajakomaa, yaani tangi ambalo bado halina bakteria wa kuondoa sumu ya samaki, na ugomvi wa madume. Magonjwa mengi hufuata nyuma ya hayo mawili. Ndiyo maana karibu kila kipimo kilichomo humu, kuanzia urefu wa kioo hadi idadi ya majike, kimewekwa kwa ajili ya kuzuia moja kati ya hayo.

Mkazi wa Mwanza anaanza akiwa na nafuu kubwa. Maji ya bomba yanatoka ziwani humo humo, joto la nyumba linamfaa furu karibu mwaka mzima, na mawe ya kumjengea makazi yamejaa kila mtaa. Shida inabaki kwenye vifaa, ambavyo vingi huagizwa Dar es Salaam au Nairobi, na kwenye umeme unaokatika bila taarifa.

Furu yupi

Furu ni kundi la samaki. Ziwa limewahi kuwa na aina zaidi ya 500, na nyingi zilitoweka baada ya sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, kulipuka kwa wingi miaka ya 1980. Furu wa miambani walinusurika vizuri zaidi kwa sababu sangara hawezi kuwafuata ndani ya nyufa. Hao ndio wanaofaa tangi la nyumbani: ni wadogo, madume wana rangi kali, na wamezoea kuishi karibu na jiwe lao bila kuhitaji eneo kubwa la kuogelea.

Kwa anayeanza, chaguo letu la kwanza ni *Pundamilia nyererei*. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi ya kusimama. Jike ni wa kijivu chenye umanjano. Hukua hadi sentimita 8 au 10. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 kutokana na samaki wa Ghuba ya Mwanza, na jina lake ni heshima kwa Mwalimu Nyerere. Ndugu yake, *Pundamilia pundamilia*, ana mistari hiyo hiyo juu ya rangi ya bluu iliyofifia kuelekea kijivu. Ukitaka samaki wa kukwangua mwani kwenye mawe, *Neochromis omnicaeruleus* anafanya kazi hiyo kutwa nzima, na dume wake ni wa bluu mwili mzima.

*Astatoreochromis alluaudi*, mvunja konokono, huvuka sentimita 15 na anahitaji tangi kubwa kuliko hili tunalolijenga hapa. Ana jambo moja la kuvutia: akilelewa kwa chakula laini, taya zake za kooni hukua nyembamba, tofauti na za ndugu zake wanaovunja makombe ziwani. Furu wanaokula samaki wenzao waache kabisa.

Usiwaweke *nyererei* na *pundamilia* pamoja. Majike wao wanafanana mno hata mzoefu hukosea, na jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Rangi ikipotea, mpaka kati ya aina hizo mbili unapotea. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kuchafuka kwa maji ya ziwa kunavuruga uchaguzi huo. Kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe aina hizi mbili zinabaki kando kando. Kusini zaidi ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye maji ya tope, zinachanganyika. Maabara ilionyesha jambo hilo hilo: chini ya mwanga wa rangi ya chungwa peke yake, majike hawakumchagua tena dume wa aina yao. Kwa hiyo taa yako iwe LED nyeupe, na taa za mapambo za rangi moja ziache dukani. Aina moja kwa tangi moja ndiyo kanuni salama. Ukitaka mbili, chagua zile ambazo majike wake unaweza kuwatofautisha ukiwa umesimama mlangoni.

Tangi

Urefu ni muhimu kuliko kimo. Dume anamiliki sakafu na jiwe, hivyo tangi refu linawapa wanyonge mahali pa kukimbilia, wakati tangi la kwenda juu linaongeza maji ambayo hakuna anayeyatawala. Vipimo vinavyofaa ni sentimita 120 urefu, 45 upana na 45 kimo. Hiyo ni lita 243 kwa hesabu. Ukishaondoa mawe na nafasi ya juu, yanabaki maji ya lita 190 hadi 200. Tangi la sentimita 60 ni la karantini au la vifaranga. Dume mmoja akilitawala, hakuna kona ya kujificha.

Mafundi wa aluminiamu na vioo mjini wanaweza kulikata na kuliunganisha, ila wape maelekezo haya kwa maandishi:

- Kioo cha milimita 10 pande zote na chini. Cha milimita 8 kinatosha kwa kimo hiki, lakini tofauti ya bei ni ndogo kuliko hasara ya kioo kupasuka.
- Kingo zote zisagwe kabla ya kuunganisha.
- Silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na inaua samaki. Silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki ndiyo inayotakiwa.
- Vipande vya kioo vya upana wa sentimita 5 vizungushwe juu kwa ndani, kuzuia kioo cha mbele kisipinde.
- Kukausha siku 7 kabla ya maji kuingia.

Lijaze nje, juu ya sehemu iliyo sawa, uliache siku tatu. Likivuja, kata silikoni yote ya mshono huo na uanze upya; silikoni mpya haishikani na ya zamani, kwa hiyo kuongeza juu yake ni kupoteza muda.

Likiwa tayari na maji, mawe na mchanga, tangi hili linakaribia kilo 350. Halifai kabati la televisheni. Stendi ya chuma cha mraba au matofali ya bloku yaliyopangwa vizuri itabeba. Tumia pima maji kwa urefu na kwa upana, hasa nyumba za mlimani ambazo sakafu zake mara nyingi zina mteremko. Weka kipande cha lile povu gumu jeupe linalofungia friji katoni kati ya stendi na tangi. Chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kuanzisha ufa. Juu funika kwa fremu yenye wavu. Furu anayefukuzwa huruka, na utamkuta asubuhi sakafuni amekauka.

Mawe na mchanga

Granaiti ya Mwanza inafaa kuliko chochote cha dukani. Haiyeyuki wala haibadilishi maji. Chukua mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa cha mtu, jumla kilo 60 au 70, yasugue kwa brashi ngumu bila sabuni, kisha yaanike juani wiki nzima. Mawe yanayong'aa kwa madini au yenye kutu ya kijani na chungwa yaache.

Mawe makubwa yakae juu ya kioo moja kwa moja, au juu ya karatasi ya plastiki, na mchanga uingie baadaye. Furu huchimba. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litachimbuliwa chini yake hadi liangukie kioo. Jenga vichuguu viwili au vitatu vilivyotenganishwa na uwanja wazi, kila kimoja kikiwa na matundu mengi ambayo samaki wa sentimita 8 anapita na kutokea upande wa pili. Pango lenye mlango mmoja ni mtego: mnyonge akiingia, mbabe anasubiri nje. Kimo cha mawe kiache sentimita 12 za maji juu, na kila jiwe ulitikise kwa mkono kabla ya kuongeza la juu yake.

Mchanga wa kujengea unatosha, kilo 25, kina cha sentimita 3. Uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke safi, na usishangae ikifika mara kumi.

Hapa kuna tahadhari ya kiafya ambayo haihusu samaki. Konokono wa pwani za ziwa hubeba kichocho. Ukichota maji, mchanga au mawe ziwani, vaa buti na glavu ndefu. Maji ya ziwa yakae saa 48 kwenye pipa lisilo na konokono kabla ya kutia mkono. Vijidudu vya kichocho havimalizi muda huo bila kumpata mtu. Mimea ya ziwani usiilete kabisa, kwa sababu mayai ya konokono yananata kwenye majani.

Maji

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana chumvi chache, na pH yake (kipimo cha asidi; chini ya 7 maji yana asidi) mara nyingi iko juu ya 7, kati ya 7.5 na 8.5. Ya bomba yanayotoka ziwani yanabaki hivyo hivyo, isipokuwa yameongezewa klorini. Klorini inaunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Njia rahisi ni kuyaacha saa 24 hadi 48 kwenye pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikipuliza ndani. Njia ya haraka ni chembechembe za sodiamu thayosalfeti: gramu 1 kwa lita 100 inatosha maji ya bomba ya kawaida. Siku harufu ya klorini ikiwa kali kuliko kawaida, hasa baada ya matengenezo ya mabomba, tumia njia zote mbili.

Maji ya mvua peke yake hayafai kwa sababu hayana kitu cha kushikilia pH. Inaweza kuporomoka usiku mmoja. Kisima kifupi kilicho jirani na vyoo kina nitrati kabla hujaweka hata samaki mmoja.

Kama pH ya tangi inashuka chini ya 7 wiki hadi wiki, kwanza ongeza ubadilishaji wa maji. Kisha weka gramu 200 za makombe yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku, ndani ya soksi safi karibu na chujio. Yanayeyuka taratibu na kuishikilia pH bila kuirusha.

Kukomaza maji

Hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki wao wa kwanza. Samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu na unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaishi ndani ya maji yenyewe. Wanakaa kwenye sponji, mchanga na mawe, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuwa wengi wa kutosha. Maji kuonekana maangavu si dalili ya kukomaa.

Komaza bila samaki. Washa chujio, kisha kila siku weka kijiko kimoja cha chai kisichojaa cha unga wa dagaa. Ukioza, kwa tangi hili unatoa takriban miligramu 1 ya amonia kwa lita kwa siku. Pima kila baada ya siku tatu kwa vipimo vya matone; vile vya vijiti vya karatasi vinakosea mno kwenye kiwango kidogo, ambacho ndicho kinachokuhusu. Utaona amonia ikipanda, kisha ikishuka wakati nitriti inapanda. Nitriti ndiyo inayochelewa. Usikate tamaa ikikaa juu wiki mbili. Siku ambayo umeweka unga, na kesho yake amonia na nitriti zote ni sifuri huku nitrati ikionekana, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji, ondoa mabaki ya unga kwa mpira wa maji, na usikae zaidi ya siku mbili bila kuingiza samaki waliokwisha kumaliza karantini, la sivyo bakteria watakosa chakula.

Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mtu lenye samaki wazima, ikamulie ndani ya lako: muda unaweza kupungua kwa nusu. Kumbuka pia kwamba kwenye pH ya 8 amonia ni kali mara nyingi zaidi kuliko kwenye pH ya 7. Kiwango ambacho mfugaji wa samaki wa maji yenye asidi anakivumilia, kwako kinaua.

Chujio, hewa na umeme

Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko pwani kwa joto lile lile. Ndiyo sababu tunapendelea machujio ya sponji yanayoendeshwa na hewa: yanasafisha na kuingiza oksijeni kwa mpigo mmoja. Weka mawili makubwa, moja kila mwisho wa tangi, na pampu ya hewa ya njia mbili yenye nguvu ya lita 4 kwa dakika au zaidi. Ukiwa na uwezo, ongeza chujio la nje la kopo lenye mzunguko wa lita 800 hadi 1,000 kwa saa, lakini lisiwe peke yake.

Sababu ni umeme. Kopo lililofungwa likizima, bakteria humaliza oksijeni iliyomo ndani na kuanza kufa. Umeme ukirudi, pampu inasukuma uozo wote huo ndani ya tangi. Likizima zaidi ya saa mbili, lifungue na kusuuza sponji zake kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi inavumilia vizuri zaidi.

Akiba ya umeme haihitaji fedha nyingi. Pampu ya hewa ya volti 12 inayokula wati 5, ikiunganishwa na betri ya volti 12 ya Ah 7, inakwenda takriban saa 8 kama utatumia nusu tu ya betri, na nusu ndiyo unayopaswa kutumia ili isife mapema. Sola ndogo ya wati 20 inairudisha ndani ya siku yenye jua. Betri ikikosekana, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu mara ishirini kila baada ya nusu saa, na usilishe hadi umeme urudi.

Nyaya zote zishuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji linaloteremka na waya liishie hewani. Extension itundikwe ukutani, isikae sakafuni. Pampu ya hewa iwe juu ya usawa wa maji au iwe na vali ya kuzuia kurudi, vinginevyo umeme ukikatika maji yatarudi kupitia mrija na kuiharibu.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai maji yanaweza kushuka hadi 22. Furu atavumilia, ila atakula kidogo. Hita ya wati 200 iliyowekwa kwenye 24 inatosha kwa miezi hiyo.

Kupata samaki

Kabla ya kushika ndoano, muone afisa uvuvi wa eneo lako na uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo. Uvuvi wa kokoro na timba ni haramu, na Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kwa hiyo maji yake hayavuliwi. Njia safi ni kununua vifaranga waliozaliwa kwenye tangi, au kumwagiza mvuvi mwenye leseni awavue kwa ndoano ndogo iliyobanwa kikulabu, chambo cha nyungunyungu, kwenye miamba ya kina kisichozidi mita 2 au 3. Furu anayevutwa haraka kutoka chini zaidi hujaa hewa kibofuni na kuelea kichwa chini. Wale wa kwenye mafungu pale soko la samaki la Kirumba, hata kama bado wanapumua, magamba yameshatoka na ukungu utawamaliza ndani ya siku tatu.

Andika wapi samaki walivuliwa: kisiwa, mwamba, tarehe. Furu wa aina moja kutoka visiwa viwili tofauti wanaweza kutofautiana rangi, na ukiwachanganya huwezi tena kuwatenganisha.

Wasipewe chakula kwa saa 24 kabla ya safari. Mfuko maradufu, theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, dume mmoja kwa mfuko. Safari fupi ikiisha, mwaga samaki na maji yake kwenye ndoo na udondoshee maji ya tangi kwa mrija uliofungwa fundo, dakika 45, hadi maji ya ndoo yawe mara tatu. Safari ikizidi saa sita, acha utaratibu huo. Ndani ya mfuko amonia imerundikana, lakini hewa chafu iliyomo imeshusha pH na kuipunguza makali. Ukifungua, pH inapanda na amonia inakuwa sumu papo hapo. Uache mfuko uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, fungua, nasa samaki kwa wavu na umwingize moja kwa moja.

Karantini ni wiki 3 hadi 4 kwenye beseni kubwa la lita 60 lenye sponji iliyokomaa na vipande vya bomba la PVC vya kujificha. Weka chumvi ya mawe gramu 2 kwa lita, ukiigawa kwa siku mbili. Furu wa ziwani wengi wana minyoo bapa kwenye matamvua: wanajikuna kwenye mabomba na kupumua upande mmoja. Prazikwanteli, dawa ile ile ya kichocho, inawaondoa kwa miligramu 2.5 kwa lita. Kidonge cha miligramu 600 ni dozi ya lita 240, hivyo kwa beseni hili ni robo kidonge, kisagwe vizuri na kuchanganywa kwenye kikombe cha maji ya moto kwanza. Rudia baada ya wiki, kwa kuwa mayai ya minyoo hayafi.

Idadi na ugomvi

Madume wawili ndiyo idadi mbaya kuliko zote: mmoja atamuua mwingine. Ama weka dume mmoja na majike 5 au 6, ama weka madume 4 na majike 8 hadi 10 ili hasira igawanyike. Kwa tangi hili mpango wa pili unapendeza zaidi, maana dume mwenye jirani wa kumtambia hung'aa kuliko aliye peke yake.

Njia bora ya kufika hapo ni kununua wadogo 15 wa sentimita 3 hadi 4 na kuwakuza pamoja. Wakianza kuonyesha rangi, miezi 6 hadi 9, toa madume ya ziada. Waingize wote siku moja. Ukilazimika kuongeza mmoja baadaye, panga upya mawe yote kwanza ili wenyeji wapoteze mipaka yao, mwingize taa zikiwa zimezimwa, na alishwe kila mtu kabla.

Anayepigwa utamtambua mapema: anakaa kona ya juu karibu na chujio, mapezi yamebana, rangi imepauka. Mkia uliochanika unapona. Samaki aliyehamia kona ya juu hana wiki. Mtoe siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni busara zaidi kumtoa mbabe kwa siku 5 na kumrudisha, kwani akirudi anakuta wengine wameshagawana mawe.

Chakula

Chakula cha punje ndogo za kufugia sato chenye protini asilimia 30 hadi 35 ndicho msingi, kikichanganywa na mchicha uliochovywa maji ya moto na kukatwakatwa, mara tatu kwa wiki. *Neochromis* apewe majani kila siku. Dagaa mkavu aliyesagwa ni kitafunio cha mara mbili kwa wiki; awe asiye na chumvi na asiyenuka mafuta yaliyochacha. Nyama ya ng'ombe na maini usitoe, mafuta yake hayameng'enyeki vizuri tumboni mwa furu.

Usubi wa ziwani unapojaa kwenye taa za baraza ni chakula cha bure na *nyererei* anaupenda. Ukusanye, ugandishe kwa vipande vidogo. Usiuchukue kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu.

Lisha asubuhi na jioni, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Siku moja kwa wiki hakuna chakula. Furu ataomba kila anapokuona. Huo si ushahidi wa njaa.

Kila wiki

Toa asilimia 25 hadi 30 ya maji kwa mpira, ukivuta uchafu kati ya mawe, kisha rudisha maji yasiyo na klorini yenye joto lisilotofautiana na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Suuza sponji moja tu, ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa, kamwe si kwenye bomba. Ya pili isubiri wiki inayofuata. Nitrati ikipita miligramu 30 kwa lita, punguza chakula kabla ya kulaumu chujio. Maji yaliyotoka yana mbolea, mwagia bustani.

Dalili na tiba

Samaki wote juu wakihema alfajiri: oksijeni. Ongeza hewa, pima amonia, badilisha theluthi ya maji.

Vidoa vyeupe vya ukubwa wa chembe ya chumvi: pandisha joto hadi 28, chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, siku 14 hata kama vidoa vimepotea mapema, kwa sababu kijidudu hufa akiwa huru majini tu.

Tumbo kuvimba, kinyesi cheupe chembamba, kukataa chakula: huu ndio ugonjwa unaoua furu wengi, na chanzo huwa chakula kizito au samaki anayeonewa. Acha kulisha, mhamishe, mpe metronidazo miligramu 400 kwa lita 60 za maji, mara tatu, siku moja katikati, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Magamba yakishasimama, tiba imechelewa.

Kuzaliana

Dume anachimba shimo, anatetemeka mbele ya jike, wanazunguka. Jike anataga machache na kuyachukua mdomoni hapo hapo, kisha anayafuata madoa ya manjano yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini la dume na kupata mbegu. Baada ya hapo kidevu chake kinatuna na hali chakula. Ataatamia wiki mbili hadi tatu.

Siku ya 12 au zaidi, mhamishe usiku kwa kumwingiza kwenye chombo chini ya maji bila kumwinua kwa wavu. Akishtuka anatema au kumeza. Tangi la sentimita 60 lenye sponji iliyokomaa na mabomba linatosha. Akishawaachia vifaranga, mpumzishe peke yake siku 7 akila vizuri kabla ya kumrudisha, maana akirudi amedhoofu madume watammaliza. Vifaranga, kwa kawaida 20 hadi 50, hula unga wa chakula uliopitishwa kwenye kitambaa chepesi, mara tatu au nne kwa siku, na maji yao yabadilishwe asilimia 20 kila siku ya pili.

Wakifika sentimita 3 wanaweza kugawiwa. Kila mfuko uandikwe aina, mahali wazazi walipovuliwa na tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa na aina mbili zilizochanganyika usimpe mtu kwa ajili ya kuzalisha. Na yeyote aliyekaa kwenye tangi, hata akiwa mzima na hata kama unaujua mwamba alikotoka, asirudishwe ziwani: amebeba vijidudu vya tangi lako, na vifaranga wake wataingiza damu ngeni kwenye kundi la mwamba huo. Wa ziada wape mfugaji mwingine, au wapeleke jikoni kama hawajapewa dawa.